Kila Kiungo Kina Mwenyewe

Kompyuta inaweza kukuapia kwamba faili halipo, na papo hapo ikakataa kuliunda kwa sababu lipo. Hali hii huwakuta watu wengi wanaposakinisha programu kwenye Linux. Skripti ya usakinishaji inauliza kwanza: je, kuna `/opt/zana/sasa`? Inajibiwa hakuna. Inaendelea na kazi yake, inafika mahali pa kukiunda kitu hicho, na mfumo unaitemea ujumbe huu:

`ln: failed to create symbolic link '/opt/zana/sasa': File exists`

Kwamba kipo tayari! Skripti inafia hapo. Mwenye mashine anajaribu kukifungua mwenyewe kwa `cat`, naye anaambiwa `No such file or directory`, yaani hakuna faili wala saraka ya jina hilo. Wakifika hapa wengi huanza kushuku diski, au virusi, au yule aliyewauzia kompyuta.

Majibu yote mawili ni ya kweli, ila yanajibu maswali mawili tofauti. Kilichopo `/opt/zana/sasa` ni kiungo, kile ambacho mafundi hukiita simlinki, nacho kinaelekea kwenye saraka iliyokwisha kufutwa. Ukiuliza kwa `test -e`, mfumo unakifuata kiungo hadi mwisho wake, haukuti kitu, unarudi na jibu la hapana. Ukitaka kuunda kitu kwa jina hilo, mfumo hauendi kokote: unatazama orodha ya majina kwenye saraka, unaliona jina limeshikwa, unakataa. Mwandishi wa skripti alipaswa kuuliza pia kwa `test -L`, ambayo hukitazama kiungo chenyewe bila kukifuata. Wengi hawaulizi, kwa kuwa mashine waliyoijaribia skripti yao ilikuwa mpya na safi, haina kiungo hata kimoja kilichokatika.

Viungo hivi viliingia kwenye Unix kwa toleo la 4.2BSD, lililotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Kabla yake Unix ilikuwa na viungo vya namna nyingine, vile vinavyozipa data zilezile majina mawili yenye hadhi sawa. Ukifuta jina moja, la pili linabaki na data zako ziko salama. Havikuweza kuvuka kutoka diski moja kwenda nyingine, wala havikufaa kwa saraka. Simlinki ikayatatua yote mawili kwa njia rahisi mno: haibebi data yoyote, inabeba maandishi ya njia tu. Ni kama karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa duka, TUMEHAMIA JENGO LA PILI, GHOROFA YA KWANZA. Mwenye duka akihama tena, au akifunga biashara, karatasi haina habari.

Kwamba ni maandishi matupu utaliona kwa macho yako. Andika `ls -l /usr/bin/java` kwenye mashine ya Debian au Ubuntu yenye Java, nawe utapata mstari unaofanana na huu, ambao nimeupunguzia tarehe:

`lrwxrwxrwx 1 root root 22 /usr/bin/java -> /etc/alternatives/java`

Herufi `l` ya mwanzo inasema hiki ni kiungo. Hiyo 22 ni ukubwa wake, na si kitu kingine ila idadi ya herufi za njia iliyoandikwa upande wa kulia wa mshale. Hesabu mwenyewe, mikwaju ikiwemo. Njia ikiwa fupi kuliko baiti 60, mfumo wa mafaili wa ext4 haujisumbui hata kuitengea nafasi ya data kwenye diski. Unaiandika ndani ya inodi, ile kumbukumbu ndogo ya taarifa ambayo kila faili linayo.

Na kwa sababu ni maandishi, hakuna anayeyakagua yanapoandikwa. Ukitoa amri `ln -s /mbinguni/kwetu njia`, utapewa kiungo bila kuulizwa swali. Maandishi yasiyoanza na mkwaju husomwa kuanzia saraka kilipo kiungo, wala si pale uliposimama wewe. Hapa ndipo wanaposakinisha programu kutoka kwenye msimbo wake wanapojikwaa: mtu yuko ndani ya saraka ya mradi, anaandika `ln -s build/zana /usr/local/bin/zana`, amri inapita kimya, naye anaondoka akijua kazi imekwisha. Kiungo alichokiacha kitatafuta `/usr/local/bin/build/zana` mpaka siku ya kiama.

Jambo linalowapotezea watu muda mwingi kuliko yote ni kwamba ujumbe wa kosa hutaja jina uliloliita wewe, hautaji mahali mnyororo ulipokatikia. Kiungo kinaweza kuelekea kwenye kiungo kingine, na hicho kwenye kingine. Kerneli ya Linux hufuata hadi viungo 40 katika kuitafuta njia moja, na ikizidi hapo hulalamika `Too many levels of symbolic links`, malalamiko ambayo karibu kila mara maana yake ni viungo viwili vinavyoelekeana. Kwa minyororo ya kawaida, mirefu lakini isiyojizungusha, haisemi chochote ila `No such file or directory`, basi. Kwa hiyo dawa ya kwanza, kabla hujafuta wala kusakinisha tena kitu chochote, ni kuutembea mnyororo hatua kwa hatua. Amri ninayoipenda kwa kazi hii ni `namei -l`, ikifuatwa na njia inayokusumbua. Itakuchapishia kila kipande cha njia mstari mmoja mmoja, kila kiungo na kinakoelekea, na itasimama palepale kamba ilipokatikia. Inashangaza ni watu wangapi wametumia Linux miaka nenda rudi bila kuijua.

Tuutembee wa Java. Kwenye `/usr/bin/java` tumekwisha ona kiungo cha kwanza, kinaelekea `/etc/alternatives/java`. Huko nako kuna kiungo:

`lrwxrwxrwx 1 root root 43 /etc/alternatives/java -> /usr/lib/jvm/java-11-openjdk-amd64/bin/java`

Sasa tuseme mtu alikuwa na Java 11, akasoma mahali kwamba mradi wake unataka Java 17, akaona nafasi ya diski inamwishia, akafuta saraka nzima ya `java-11-openjdk-amd64` kwa `rm -rf`. Baadaye anaandika `java`. Terminali inamwambia amri hiyo haipo, na Ubuntu kwa ukarimu wake inamtajia vifurushi anavyoweza kusakinisha. Anakubali ushauri, anaandika `apt install openjdk-11-jre-headless`, na apt inamjibu kwamba kifurushi hicho kipo tayari, tena ni toleo jipya kabisa. Kompyuta moja inasema huna Java, na inasema unayo.

Apt haioni tatizo kwa sababu haikuangalia diski. Iliangalia daftari lake, na kwenye daftari kifurushi hakijaondolewa. Aliyefuta kwa `rm` hakumwambia mtunza daftari.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya sura hii inazunguka jambo hili. Mtu aliyekwisha kugundua kwamba kiungo kimekatika huwa na hamu moja tu, kukiunga upya kwa mkono: `ln -sf` hapa, `ln -sf` pale, na programu iamke. Lakini karibu kila kiungo kwenye mfumo wa Linux kina mwenyewe, yaani kuna programu iliyokiweka, inayokikumbuka, na itakayorudi kukigusa siku ya kusasisha. Ukikiunga wewe, umeingilia kazi ya mtu. Swali la kuuliza mbele ya kiungo kilichokatika ni nani aliyekiweka, na ukishampata, mwambie yeye akirudishe.

Kumpata si kazi ngumu. Kwenye Debian na Ubuntu, `dpkg -S` ikifuatwa na njia hukutajia kifurushi kinachomiliki faili au kiungo. Kwenye Fedora na ndugu zake ni `rpm -qf`. Ukiuliza kuhusu `/usr/bin/java`, dpkg itasema haikijui kiungo hicho. Usikate tamaa. Njia ya `/etc/alternatives` yenyewe inakupa jibu: mwenyewe ni `update-alternatives`, chombo kinachopanga ni toleo gani litumike pale ambapo programu mbili au tatu zinagombea jina moja. Mwite kwa `update-alternatives --display java` uone anachojua. Ukimwambia `update-alternatives --auto java`, atayaondoa kwenye orodha matoleo yaliyokwisha kufa na kuchagua lililo hai. Ukiihitaji Java 11 kweli, `apt install --reinstall openjdk-11-jre-headless` itarudisha mafaili mahali pake, na mnyororo mzima utapata uhai bila wewe kugusa kiungo hata kimoja.

Maktaba za programu ndizo mahali ambapo mkono wa mwenye haraka huleta madhara makubwa zaidi. Ubuntu 22.04 ilipotoka Aprili 2022, ilikuja na OpenSSL 3 na kuliacha toleo la 1.1. Programu nyingi zilizokuwa zimejengwa zamani, hasa zile zinazopakuliwa nje ya hazina rasmi, zikaanza kugoma:

`error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file: No such file or directory`

Mtu anatazama kwenye `/usr/lib/x86_64-linux-gnu`, anaiona `libssl.so.3` imetulia pale. Anajiambia, si ni libssl hiihii tu? Anaunda kiungo kiitwacho `libssl.so.1.1` kinachoelekea `libssl.so.3`. Ujumbe wa kwanza unatoweka. Unakuja mwingine, unaosema toleo `OPENSSL_1_1_0` halikupatikana ndani ya maktaba hiyo.

Namba ile mwishoni mwa jina la maktaba haikuwekwa kwa mapambo. Watengenezaji wa maktaba huibadilisha pale wanapovunja makubaliano ya zamani, yaani pale ambapo programu iliyojengwa kwa toleo la jana haiwezi tena kuzungumza na toleo la leo. Viungo halali vya maktaba huwekwa na kifurushi chenyewe au na `ldconfig`, ambayo husoma ndani ya kila maktaba jina inalojitambulisha nalo na kukiweka kiungo kinacholingana nalo. Ukiweka cha kwako, umeitungia maktaba kitambulisho cha bandia. Hapa bahati ilikuwa upande wa mtumiaji, kwa kuwa OpenSSL hutia alama za matoleo ndani ya maktaba, na udanganyifu ukagunduliwa mlangoni. Maktaba zisizo na alama hizo zitaiacha programu iingie, ianze kazi, kisha ianguke katikati ya shughuli, au mbaya zaidi, isianguke bali itoe matokeo ya ovyo. Suluhisho la kweli ni kupata toleo la programu lililojengwa kwa OpenSSL 3, au kuiweka programu hiyo kongwe kwenye kontena lenye mfumo wa enzi zake.

Kuna ndugu mdogo wa kosa hili ambaye hana madhara, ila huwachanganya wanafunzi: `/usr/bin/ld: cannot find -lssl`. Maktaba ipo, programu nyingine zinaitumia, lakini ukijenga programu mpya inasemekana haionekani. Kinachokosekana ni kiungo kisicho na namba, `libssl.so`, ambacho hutumika wakati wa kujenga tu na huja na kifurushi cha `libssl-dev`. Kisakinishe, endelea na kazi.

Kiungo pia kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kikakuvunjia mfumo. Ubuntu 22.04 ina Python 3.10, na `/usr/bin/python3` ni kiungo kinachoelekea `python3.10`. Kijana anataka Python mpya zaidi, anaisakinisha, kisha anakigeuza kiungo kielekee huko ili asihangaike kuandika jina refu. Programu zake zinafanya kazi vizuri. Siku akitumia `add-apt-repository` anakutana na `ModuleNotFoundError: No module named 'apt_pkg'`. Vyombo vya mfumo vilivyoandikwa kwa Python vinaliita jina `python3` vikitarajia ile viliyojengewa, na moduli ya `apt_pkg` imetengenezwa kwa 3.10 peke yake. Ukiuliza `dpkg -S /usr/bin/python3` utaambiwa mwenyewe ni kifurushi cha `python3-minimal`. Hapa, kwa kuwa unajua hasa mwenye kiungo alikuwa amekielekeza wapi, unaruhusiwa kukirudisha kwa mkono: `ln -sf python3.10 /usr/bin/python3`. Toleo lako jipya liite kwa jina lake kamili, au litengenezee mazingira yake ya `venv`.

Nikiwa kwenye `venv`: ndani yake mna kiungo cha Python kinachoelekea ile ya mfumo, na mfumo ukisasishwa kutoka toleo moja kwenda jingine, kiungo hicho huweza kukatika, na skripti zote za mazingira hayo zikagoma kwa ujumbe kama `bad interpreter`. Kwenye Mac jambo hili huwatokea sana wanaotumia Homebrew. Usihangaike kukiunga. Mazingira hayo mwenyewe ni wewe, na yalikusudiwa kutupwa. Yafute, yaunde upya, sakinisha vifurushi kutoka kwenye orodha yako. Kwa viungo vya Homebrew yenyewe, `brew doctor` itakuonyesha vilivyokatika na `brew cleanup` itavisafisha.

Hayo yote angalau yanataja faili. Lipo kosa moja ambalo halitaji faili lolote, na ndiyo sababu nalitengea nafasi.

Fikiria maabara ya kompyuta ya chuo. Mwanafunzi anasakinisha programu kwa apt, inagoma, anamwendea fundi.

"Shikamoo mwalimu. Intaneti imekata."

"Marahaba. Imekata wapi? Simu yangu iko kwenye Wi-Fi hiyohiyo na WhatsApp inaingia."

"Kwangu inaandika imeshindwa kumpata archive.ubuntu.com."

"Hebu pingi 8.8.8.8."

Anapingi. Majibu yanarudi moja baada ya jingine, bila kupotea hata moja. Anapingi kwa jina, kimya.

Fundi haulizi tena habari za mtandao. Anaandika `ls -l /etc/resolv.conf`, anaona kiungo kinachoelekea `../run/systemd/resolve/stub-resolv.conf`, anaandika `cat /etc/resolv.conf`, anaambiwa hakuna faili. Faili hilo ndilo linaloiambia mashine imwulize nani inapotaka kugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Likikosekana, mashine hujiuliza yenyewe, na kama hakuna huduma ya kujibu, apt hutoa ujumbe wake maarufu, `Temporary failure resolving`.

Mwenye kiungo hiki ni huduma iitwayo `systemd-resolved`. Yeye ndiye anayeliandika faili ndani ya `/run`, na `/run` haiko kwenye diski. Inakaa kwenye kumbukumbu ya muda na huundwa upya kila mashine inapowashwa. Mtu akiizuia huduma hiyo isijiwashe tena, tuseme kwa sababu anataka mlango namba 53 utumiwe na programu yake ya kuzuia matangazo, bila kuisimamisha papo hapo, huduma na faili lake vinaendelea kuwepo mpaka mashine izimwe. Ndiyo maana kosa huibuka wiki kadhaa baadaye, umeme ukikatika na kurudi, wakati hakuna anayekumbuka nani aligusa nini. Amri ya `systemctl enable --now systemd-resolved` humrudisha mwenyewe kazini. Kama alizimwa kwa makusudi, basi kiondoe kiungo na uandike faili halisi la `/etc/resolv.conf` lenye anwani ya seva unayoitaka. Lakini amua moja. Wengi huongeza bando, hubadilisha laini, humpigia simu mtoa huduma na kumgombeza, na kosa lilikuwa ni mstari mmoja wa maandishi unaoelekea pasipo na kitu.

Kwa kuwa bando ni ghali, huku kwetu programu husafiri sana kwa flashi, na flashi ni adui wa viungo. FAT32 na exFAT, mifumo ya mafaili ambayo flashi nyingi huja nayo, haijui simlinki ni nini. Ukinakili saraka yenye viungo utaona `cannot create symbolic link: Operation not permitted`, na hiyo ndiyo hali nzuri, kwa sababu angalau umeambiwa. Hali mbaya ni pale mnakilishaji anapokifuata kiungo na kuweka nakala ya faili mahali pake.

Tazama mradi wa TypeScript. Ndani ya `node_modules/.bin` mna kiungo `tsc` kinachoelekea `../typescript/bin/tsc`. Faili halisi kule lina mstari unaoita `../lib/tsc.js`, yaani toka kwenye `bin`, ingia `lib`. Kupitia kiungo, Node hukifuata kwanza hadi kwenye faili halisi, kisha ndipo inahesabu hatua, na kila kitu kinakaa sawa. Lakini kiungo kikigeuzwa nakala, hatua zinahesabiwa kuanzia `.bin`, na programu inatafuta `node_modules/lib/tsc.js`, ambayo haijawahi kuwepo duniani. Matokeo ni `Cannot find module '../lib/tsc.js'`. Mtu anafungua saraka ya `typescript`, anaiona `lib/tsc.js` ipo, kila faili lipo, na bado haiendi. Fungasha kwa `tar` kabla ya kuweka kwenye flashi, maana tar huhifadhi viungo kama viungo. Ukipenda zip, tumia `zip -y`. Kama madhara yameshatokea, `npm rebuild` huviunda viungo vya `.bin` upya bila kukumalizia bando kwa kupakua kila kitu.

Wanaotumia Git kwenye Windows wana kisa chao. Pale ambapo Git haikuruhusiwa kuunda viungo, humwekea mtumiaji faili dogo la maandishi lenye mstari mmoja tu, ile njia. Ukilifungua faili la mipangilio na kukuta ndani yake `../shared/config.json` na hakuna kingine, umekutana na simlinki iliyovuliwa nguo. Washa hali ya watengenezaji programu kwenye Windows, weka `core.symlinks` kuwa `true`, kisha chukua hazina upya.

Baada ya kuumwa mara kadhaa, mtu huapa kusafisha. Anagundua kwamba `find / -xtype l` huorodhesha viungo vyote vilivyokatika, anaongeza `-delete` mwishoni, anabonyeza. Usifanye hivyo. Baadhi ya viungo vimezaliwa vimekatika na vinafanya kazi yao vizuri tu. Firefox ikiwa wazi kwenye Linux huweka ndani ya saraka yake kiungo kiitwacho `lock` kinachoelekea kitu kama `127.0.1.1:+4821`. Hakuna faili la jina hilo, na halijakusudiwa kuwepo. Hiyo ni anwani ya mashine na namba ya mchakato, imeandikwa ili Firefox ya pili isije kuchezea data zilezile. Emacs nayo hufanya hivyo kwa kila faili unalolihariri. Na Fedora huja na kiungo `build` chini ya `/lib/modules`, kikielekea kwenye vichwa vya kerneli ambavyo huenda hujavisakinisha bado.

Hicho cha Fedora ndicho kinachowaliza wanaosakinisha VirtualBox au kiendeshi cha kadi ya Wi-Fi. DKMS, chombo kinachoijengea kerneli viendeshi hivyo, husema haikuviona vichwa vya kerneli kwenye `/lib/modules/.../build`. Mwenye kiungo ameshakiweka. Wewe unachopaswa kuleta ni kile kinachoelekezwa, kwa `dnf install kernel-devel-$(uname -r)`. Na kama dnf inasema kifurushi cha namba hiyo hakipo, kuna uwezekano mkubwa umesasisha kerneli lakini hujaiwasha mashine upya, kwa hiyo unaulizia vichwa vya kerneli ambayo hazina haina tena. Washa upya, jaribu tena.

Nimeacha mwisho ajali inayotisha kuliko zote, kwa kuwa ikikupata hutakuwa na nafasi ya kusoma kitabu. Mifumo ya siku hizi imeunganisha saraka za zamani chini ya `/usr`: Fedora ilifanya hivyo kwa toleo la 17 mwaka 2012, na Debian imeufanya mpangilio huo kuwa wa lazima tangu toleo la 12 la mwaka 2023. Kwa hiyo `/bin`, `/lib` na `/lib64` si saraka tena, ni viungo. Sasa mtu anachukua kifurushi cha tar cha programu fulani, na ndani yake mna saraka iitwayo `lib64`, anakifungua kwenye mzizi wa mfumo akiwa root. GNU tar, isipoambiwa `--keep-directory-symlink`, hukiondoa kiungo na kuweka saraka halisi mahali pake.

Kuanzia sekunde hiyo hakuna programu inayoanza. `ls` inasema faili halikupatikana. `cp` vilevile. `sudo` vilevile. Mafaili yote yapo, lakini kila programu imeandikwa ndani yake kwamba kipakiaji chake kiko `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`, na kipakiaji ndicho kisichoonekana. Ujumbe, kama kawaida yake, unataja jina uliloliita wewe.

Ukiwa bado una terminali ya root iliyo wazi, usiifunge. Bash yenyewe tayari iko kwenye kumbukumbu, na amri zake za ndani kama `cd` na `echo` zinafanya kazi; `echo /usr/*` itakuwa `ls` yako kwa sasa. Kipakiaji halisi kwenye Debian na Ubuntu kiko `/usr/lib/x86_64-linux-gnu/`, nacho kinaweza kuitwa moja kwa moja na kupewa programu ya kuendesha:

`/usr/lib/x86_64-linux-gnu/ld-linux-x86-64.so.2 /usr/bin/mv /lib64 /lib64.mbovu`

`/usr/lib/x86_64-linux-gnu/ld-linux-x86-64.so.2 /usr/bin/ln -s usr/lib64 /lib64`

Jaribu `ls`. Ikijibu, mfumo umerudi. Kama huna terminali ya root, washa mashine kwa flashi yenye Linux ya kujaribia, pandisha diski yako, na urudishe kiungo hicho kutoka nje. Kisha, kabla ya kukifungua tena kile kifurushi, kitazame kwa `tar -tf` uone kinataka kuweka nini na wapi, na ukifungulie ndani ya `/opt`.